Aliye Juu ya Orodha

Vijana wenzangu, tuanze na kesi yenyewe, porojo zitafuata. Kompyuta imepandwa na homa. Feni inavuma kama mashine ya kusaga, kipanya kinakwenda kwa kurukaruka, herufi unazochapa zinachelewa kutokea kama vile zinatoka mkoani kwa basi, na hadithi fupi uliyokuwa ukiimalizia imekwama katikati ya sentensi. Mashine yako inaendeshwa na Linux. Basi unafungua terminali, unaandika top, unabonyeza Enter, na orodha inajaa kiooni. Kila mchakato ulio hai ndani ya mashine umo: namba yake, mwenye nao, jina lake, asilimia ya prosesa unayokula. Juu kabisa kuna mmoja ana 98. Anayemfuata ana 3.

Utafanya nini? Wengi wetu jibu liko kwenye vidole, hata kichwani halipiti. Unaandika kill, unaongeza ile tisa, unaweka namba ya huyo jamaa, kwisha habari yake. Feni inashuka, unapumua, unarudi kwenye hadithi yako.

Swali langu ni dogo tu: huyo uliyemuua alikuwa na kosa gani? Sisemi hakuwa nalo. Nauliza wewe ulijuaje.

(Mniwie radhi kwa kuuita mchakato "yeye". Sarufi inakataa, najua. Lakini ukikaa na orodha hii usiku mzima unaanza kuwaona kama wapangaji wa nyumba moja, na mpangaji huwezi kumwita "huo".)

Orodha haidanganyi. Tatizo ni kwamba inasema ukweli wa aina moja tu: nani anatoka jasho. Haisemi nani kamtuma, anatoka jasho kwa ajili ya nani, wala kama jasho lenyewe ni la kuiba au la kuzima moto. Na sisi watu wa mjini tunaijua vizuri hali ya kumhukumu mtu kwa jasho lake. Pale Kariakoo, pale Gikomba, ukelele mmoja wa "Mwizi!" unatosha. Anayekimbia ndiye anayepigwa. Hakuna anayesimama kuuliza anakimbilia nini, au anamkimbia nani. Tairi linapatikana haraka kuliko ushahidi. Halafu jioni mtaa unanong'ona kwamba mwizi alikuwa mwingine kabisa, huyu alikuwa anawahi daladala. Hayo maiti hayarudi kwa minong'ono.

Msiniambie nimeanza kuchanganya mada. Sijachanganya. Nadhani ni swali lilelile, ila kwenye kompyuta tuna bahati moja ambayo sokoni hatuna: tunaweza kusimamisha mambo tukachunguza, na shahidi hatishwi na mtu. Kama hata hapo hatuchunguzi, basi tusiseme tunapiga watu kwa sababu ushahidi ni mgumu kupatikana.

Sasa tuwaite washitakiwa.

Wa kwanza anaitwa kswapd0. Huyu akipanda juu ya orodha, kompyuta inakuwa kama imelewa. Unabofya, unangoja, unaweza kwenda kuchemsha chai. Jina lenyewe ni la ajabu, kwa hiyo wengi wanahisi ni virusi. Lakini kswapd0 ni mtumishi wa kerneli, yaani wa ule moyo wa mfumo, na kazi yake ni moja: kumbukumbu ya RAM inapopungua chini ya kiwango fulani anaamshwa, anatafuta kurasa zinazoweza kuachwa au kusukumwa kwenda diskini, anaendelea mpaka nafasi ipatikane, halafu analala tena. Sasa kama mashine ina gigabaiti 4, na kivinjari chako kina vichupo arobaini vilivyofunguliwa tangu wiki iliyopita, huyu maskini halali. Anachota maji ndani ya mtumbwi unaovuja. Abiria wanamtazama wanasema: huyu ndiye anayetutingisha.

Na hapa kuna jambo lililonifurahisha siku nilipolielewa. Ndani ya top ukibonyeza M kubwa, orodha ileile inajipanga upya kwa kumbukumbu badala ya prosesa. kswapd0 anaporomoka mpaka chini kabisa, maana kumbukumbu ya kwake hana, na kivinjari kinapanda kileleni. Watu ni walewale, sekunde ni ileile, kilichobadilika ni swali. Aliyekuwa jambazi amekuwa mtu wa mwisho kwa umaskini. Kwa hiyo hata lile neno "juu" halimo ndani ya mashine; linaletwa na anayepanga. Ukiuliza nani anafanya kazi nyingi unapata jina moja, ukiuliza nani kahodhi mali unapata jingine. Vijana mliosoma siasa kidogo mtanielewa haraka.

Tena kswapd0 huwezi kumuua. Hata ukiwa root, hata ukiandika tisa mara mia, hasikii. Watumishi wa kerneli hawauawi na risasi za mitaani.

Wa pili naye ni wa kerneli, anaitwa kworker. Kusema kweli Kiswahili kina jina lake kamili: kibarua. Vipande mbalimbali vya kerneli vinapokuwa na kazi ndogondogo ambazo havitaki kuzifanya vyenyewe, vinazitupa kwenye foleni, na vibarua hawa wanazichukua. Kibarua hana sura. Kwenye orodha utaona kworker na namba zimefuatana, na kwa kawaida jina halikuambii vya kutosha leo anambebea nani. Kuna ugonjwa mmoja unaojulikana sana kwenye laptopu: kipande fulani cha maunzi, au ile programu ya msingi iliyochomwa kiwandani, kinaanza kupiga kengele kwa kerneli bila kukoma, maelfu na maelfu ya mara, "njoo, njoo, njoo". Kila kengele ikilia kibarua anakimbia. Anafika, hakuna kitu. Anarudi, kengele inalia. Unaona kworker anakula kori nzima ya prosesa na wewe hujafungua hata programu moja. Ukitaka kumjua mpiga kengele unakwenda kwenye saraka ya /sys/firmware/acpi/interrupts, unasoma hesabu zilizomo. Katikati ya sifuri nyingi utakuta moja yenye tarakimu sita au saba. Huyo ndiye. Unamzima yeye, kibarua anakaa chini kimya, wala hadai fidia.

Wa tatu ni gnome-shell, mwenye eneokazi lenyewe kwa wanaotumia GNOME: anachora madirisha, vivuli, zile mbwembwe za kufungua na kufunga. Huyu akila asilimia 80 kila mtu ana msemo wake: GNOME nzito, GNOME ya matajiri, hamia XFCE. Inawezekana. Lakini kabla ya kuhama nyumba, uliza kwanza kama kadi ya michoro iko kazini. Kama draiva yake haikupatikana, mfumo haukuachi gizani. Unaiambia prosesa ichore kila kitu kwa mkono, kwa njia inayoitwa llvmpipe. Amri ya glxinfo itakuonyesha jina hilo kwenye mstari wa mchoraji, kama ndilo linalotumika. Basi huyo gnome-shell unayemlaani anafanya kazi ya mwenzake ambaye hakufika kazini, na hakuna aliyeandika popote kwamba mwenzake hakufika. Orodha ya waliopo haiwezi kukuonyesha asiyekuwepo.

Wa nne nitampitia haraka. Ni mtengeneza faharasa: kwenye KDE ni Baloo, kwenye GNOME kwa miaka mingi aliitwa Tracker na tangu 2024 anaitwa LocalSearch. Anasoma mafaili yako yote ili siku ukitafuta neno ulipate. Ukishusha picha elfu kumi kutoka kwenye simu, atafanya fujo kwa saa kadhaa kisha atatulia. Ukimuua katikati, kesho anaanza tena, na wewe utasema "huyu sugu". Ni kama dada anayefagia uwanja alfajiri huku wewe umetoka kulala saa kumi. Ana makosa ya wakati, kazi yenyewe ni yako. Ila mara nyingine kweli anakwama kwenye faili moja bovu na kuzunguka hapohapo. Hapo unamtoa faili, au unamwambia saraka ile asiiguse.

Sasa, nilipoyasema haya kijiweni jamaa mmoja, mtundu wa kutengeneza kompyuta na mbishi kwelikweli, alinikatiza. "Wee bwana," akasema, "mchakato ni mchakato. Hauna mama, hauna watoto, hausikii maumivu. Mimi nina wateja sita wananingoja. Naua, mashine inapona, mteja analipa. Falsafa peleka chuo."

Kwanza, kuhusu mama na watoto alikosea, na nilimwonyesha palepale. Kwenye Linux kila mchakato una mzazi; andika pstree uone ukoo mzima umechorwa. Mzazi akifa kabla ya mtoto, yatima anachukuliwa na mchakato namba 1, au mlezi mwingine aliyewekwa karibu. Na mtoto akifa kabla ya mzazi kuja kupokea taarifa ya kifo chake, jina lake linabaki kwenye daftari likisubiri. Huyo ndiye anayeitwa zombi. Watu wanaona neno hilo juu ya orodha, "zombi 2", wanashtuka, wanaanza kulaumu mazombi kwa joto la mashine. Zombi hali hata chembe ya prosesa. Hauawi kwa sababu amekwisha kufa. Ana mstari mmoja daftarini, basi, na mwenye deni ni mzazi aliyekataa kwenda kuutazama.

Lakini hoja yake kubwa sikuiruka, wala hapa siiruki. Ni kweli, mchakato hausikii maumivu. Na wapo wanaojibu kwamba anayezoea kuua bila kuuliza kwenye kompyuta atazoea na mtaani. Mimi jibu hilo siliamini. Nawajua watu wanaopiga tisa tangu asubuhi hadi jioni na hawajawahi kumpiga mtu kofi. Na nawajua wapole wa kompyuta walioshika mawe. Tabia haihami kirahisi hivyo. Kama tunataka kuonyesha kwamba kuna suala la haki hapa, tuonyeshe panapoumia mtu.

Panaumia mtu, na si mbali. Tazama tena orodha, safu ile ya mwenye mchakato. Linux ilirithi kutoka Unix fikra kwamba mashine moja ina watu wengi. Kwenye maabara ya chuo, au kwenye seva ya ofisi ndogo, au kwenye ile kompyuta moja ya nyumbani ambayo kaka na dada wameingia kila mmoja kwa jina lake, huyo anayekula 98 anaweza kuwa kazi ya mwenzako: hesabu za tasnifu zilizoanza juzi, video ya harusi inayobadilishwa ili mteja aichukue kesho. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kugusa mchakato wa mwingine. root anaruhusiwa kugusa wote. Ndiyo maana sudo, mara ya kwanza unapoitumia kwenye mifumo mingi, inakusomea nasaha fupi yenye mambo matatu. Na sote tunaipita bila kuisoma, kama masharti ya kukodi baiskeli. Hapo ulipoua "mchakato" tu, umefuta usingizi wa mtu wa siku mbili. Mchakato hakulia. Aliyeutuma atalia.

Halafu kuna namna ya kuua. Amri yenyewe imepewa jina baya, ndiyo maana vijana wanaiogopa au wanaipenda kupita kiasi. Ukiandika kill na namba peke yake, huui. Unatuma ishara namba 15, ambayo maana yake ni "tafadhali funga kazi". Mchakato unaipokea, unahifadhi kilichohifadhika, unafunga mafaili, unatoka kwa heshima zake. Ishara namba 9 ni kitu kingine. Hiyo mchakato hauipokei kabisa. Kerneli inamwondoa tu, kalamu ikiwa mkononi. Kinachobaki ni mafaili ya kufuli yanayosema programu bado inafanya kazi wakati imekufa, hifadhidata iliyokatwa katikati ya mstari, na mswada wako ambao sasa unaomba "kurejeshwa". Tofauti kati ya kumi na tano na tisa ni sekunde chache za kungoja. Ninaposikia mtu anaanza na tisa moja kwa moja sioni ujasiri hapo, naona haraka.

Na kuna njia ya tatu ambayo karibu hakuna anayeitaja. Unaweza kumsimamisha bila kumuua. Andika kill -STOP na namba yake. Anaganda palepale, prosesa inashuka hadi sifuri, lakini kumbukumbu zake zote zipo, hakuna kilichopotea. Ni mahabusu. Sasa feni imetulia, una utulivu wa kuchunguza: nani mzazi wake, kafungua mafaili gani, magogo ya mfumo yanasemaje. Ukiona hana hatia, kill -CONT, anaendelea na neno aliloachia katikati kama vile hakuna kilichotokea. (Ila gnome-shell usimsimamishe, jamani. Kioo chote kitaganda na wewe ndani.) Nashangaa kwa nini vitabu vya mwanzo vinawafundisha watu tisa kabla ya hii. Pengine kwa sababu mahabusu inadai uje uchunguze, na kifo hakidai kitu.

Nisieleweke kwamba kila aliye juu ya orodha ni mwanakondoo. La hasha. Wapo majambazi, na wamejifunza kuvaa sare. Tangu mwaka 2020 wenye seva wengi wamekutana na mmoja anaitwa kdevtmpfsi. Msome jina polepole. Kerneli ina mtumishi halali anayeitwa kdevtmpfs. Huyu kajiongezea herufi i tu mwishoni. Kazi yake ni kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako kwa faida ya mtu usiyemjua, na anaingia hasa kupitia seva za Redis au Docker zilizoachwa wazi bila nywila. Ukimuua anafufuka baada ya dakika, kwa sababu ana mwenzake anaitwa kinsing anayemrudisha, na ratiba ya cron inayomrudisha mwenzake. Kumtambua si kazi kama unajua pa kutazama: watumishi halali wa kerneli mzazi wao ni mchakato namba 2, na hawana faili lolote la programu nyuma yao. Huyu mwizi mzazi wake ni mwingine, na faili lake limejificha ndani ya /tmp. Kwa hiyo kuchunguza hakuwaokoi wasio na hatia tu. Aliyezoea kupiga tisa bila kuuliza, huyu anamsumbua mwezi mzima, aliyeuliza "nani mzazi wako?" anafika kwenye shina siku hiyohiyo.

Lakini kesi inayonikosesha usingizi ni ya aina nyingine, ile isiyo na mwizi wala mtumwa. Usiku wa kuamkia Julai mosi 2012, saa tisa kamili kwa saa zetu za Afrika Mashariki, wataalamu wa muda duniani waliongeza sekunde moja kwenye saa rasmi, kwa kuwa dunia haizunguki sawasawa kama saa zetu za atomi. Jambo la kawaida, lilikwisha kufanyika mara nyingi. Ila safari hii, ndani ya kerneli nyingi za Linux, sekunde iliongezwa bila zile saa za ndani za kuamshia michakato kujulishwa. Zikabaki zimetangulia kwa sekunde moja. Sasa fikiria programu inayosema "nilaze kwa nusu sekunde, kisha niamshe". Kwa saa ile iliyotangulia, nusu sekunde imekwisha kupita kabla hata haijalala. Inaamshwa. Inaomba kulala tena. Inaamshwa. Mamia ya maelfu ya michakato, mabara yote, ikawa inalala na kuamka bila kupumzika, na prosesa zikawaka moto. Tovuti kubwa kama Reddit zilitetereka. Juu ya orodha walionekana java, mysqld, kwenye mashine za mezani hata vivinjari. Watu wakaua, wakawasha tena, wakaua. Waliozaliwa upya walikuta saa ileile mbovu wakaanza wazimu uleule. Dawa ilikuwa kuiwekea mashine saa ambayo tayari inayo: amri ya date, ukiipa wakati wa sasa hivi. Basi. Kwa kufanya hivyo zile saa za ndani zilijulishwa, na kila mtu akalala. (Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo duniani uliazimia sekunde hizo ziachwe kufikia 2035.)

Katika kesi ile nani alikuwa na hatia? Si java. Si aliyeandika java. Si dunia kwa kuzunguka vibaya. Aliyeandika mstari ule wa kerneli? Aliuandika kwa nia njema na ulikaguliwa na wengine. Wakati tunatafuta jina la kuandika kwenye karatasi ya mashitaka, mashine zilikuwa zinaungua, na aliyeziokoa ni yule aliyeacha kuuliza "nani?" akauliza "ni nini kimebadilika tangu jana?"

Hapo inabaki haki nyingine, ya kugawana. Prosesa ni moja, wenye njaa ni wengi, nani aanze? Mwaka 2007 Linux ilipata mgawaji mpya aliyeandikwa na Ingo Molnár, akaitwa CFS, na jina lake lilijigamba kwamba yeye ni wa haki kabisa. Kanuni yake mtoto angeielewa: kila mmoja anahesabiwa muda aliokwisha kula, na aliyekula kidogo kuliko wote ndiye anayefuata. Lakini nyuma ya jina hilo kuna mtu mwingine, Con Kolivas wa Australia, ambaye kazi yake ya mshahara haikuwa kompyuta. Alikuwa daktari wa usingizi. Yeye kwa miaka alipigania mashine ya mtu wa kawaida, mwenye dirisha moja na kipanya kimoja, akisema kerneli inatengenezwa kwa kufikiria mashine kubwa za makampuni. Alikuwa ameandika mgawaji wake wa haki mapema. Uliochukuliwa ni wa Molnár, ambaye alikiri kwamba wazo la haki Kolivas ndiye aliyeonyesha kuwa linawezekana. Kolivas aliondoka mwaka huohuo 2007, akarudi 2009 na kitu chake kingine nje ya mfumo rasmi. Sitaki kuamua kesi yao hapa. Ila naona ajabu kwamba kanuni ya "aliyekula kidogo aanze" ilizaliwa na ugomvi kuhusu nani hakupewa chake.

Na haki ile haikutosha. Kugawana sawasawa kunasahau kwamba wengine wana haraka ya kweli: sauti ya muziki ikicheleweshwa sehemu ndogo ya sekunde inakatika, wakati kubana faili kubwa kunaweza kungoja mpaka kesho. Oktoba 2023, kwenye kerneli 6.6, CFS ilimpisha mwingine, EEVDF, aliyejengwa juu ya wazo lililoandikwa na wanasayansi mwaka 1995: kila mmoja apate fungu lake, lakini wanaodai walichopunjwa wapangwe kwa kuangalia muda wao wa mwisho. Mwenye kuomba tonge dogo anapewa mapema.

Kwako wewe na mimi kimebaki chombo kimoja cha kuingilia, amri ya nice. Kiwango chake kinaanza hasi 20 hadi 19, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mchakato unavyowapisha wenzake. Kila hatua moja inabadilisha fungu kwa kama asilimia kumi. Sheria yake naipenda: mtu yeyote anaweza kuuteremsha mchakato wake, lakini kuupandisha ni root tu. Tena ukishauteremsha, kwa kawaida huwezi kuurudisha ulipokuwa. Video ya harusi ile ingepewa 19 tangu mwanzo isingemkera mtu. Ingekula makombo usiku kucha na asubuhi ingekuwa imekwisha. Hakuna aliyehitaji kufa.

Yule mbishi wa kijiweni aliniletea kesi moja zaidi, nadhani kwa kunikomoa. Laptopu ya mitumba, orodha safi kabisa: hakuna mwizi, hakuna kibarua mwenye wazimu, RAM inatosha, draiva ipo. Lakini kufungua ukurasa mmoja tu kunapeleka prosesa 90. Tulizunguka nayo jioni nzima. Mwishowe tukasoma kasi ya prosesa yenyewe: megahezi 800, wakati ilitengenezwa kwenda zaidi ya 2,500. Ilikuwa inajipunguza mwendo kwa joto ili isiungue, na kazi ileile, kwa mwendo wa kobe, inajaza asilimia zote. Tukafungua skrubu. Kati ya feni na mapezi ya shaba kulikuwa na vumbi limeshonana kama kipande cha blanketi. Alilitoa kwa kibanio cha nyusi, akalitazama kwenye taa, akalitupa dirishani, akaanza kutafuta ile dawa nyeupe ya kupaka juu ya prosesa.